Nguruwe Mwitu na Shamba la Mzaramo

Wanahistoria wa nchi yetu wameandika mengi juu ya watawala, misafara, mikataba na vita. Habari za wanyama wamewaachia wataalamu wa elimu ya viumbe. Hata pale mnyama anapotajwa katika kitabu cha historia, aghalabu ni tembo kwa ajili ya pembe zake, au simba kwa ajili ya hofu yake. Nguruwe mwitu hana kitu cha kuuzwa ng'ambo, wala hana haiba ya simba. Na kwa watu wengi wa pwani yeye ni mnyama wa kuchukiza, hata jina lake limekuwa tusi. Hata hivyo, katika mashamba ya Kisarawe na Kibaha ni wanyama wachache waliowasumbua mababu na wajukuu kwa namna ile ile moja kama huyu. Makala haya yataka kuonyesha kwamba nguruwe mwitu anayo nafasi yake katika historia ya Uzaramo, na kwamba nguvu yake juu ya mkulima, kizazi hata kizazi, imefuata jambo moja: ni mikono mingapi iliyoachwa huru kulilinda shamba.

Nchi tunayoizungumza ni ile iliyoitwa Uzaramo tangu zamani, iliyo nyuma ya mji wa Dar es Salaam. Leo sehemu yake kubwa imo katika wilaya za Kisarawe na Kibaha za Mkoa wa Pwani. Ni nchi ya vilima vifupi na mabonde, yenye mchanga mwingi, nayo hupata mvua za masika na za vuli. Juu ya vilima vya Pugu na Kazimzumbwi, na katika msitu mpana wa Ruvu Kusini, yangalipo masalio ya misitu ya kale ya pwani. Wataalamu huithamini sana misitu hii kwa viumbe vyake adimu, mathalan yule komba mdogo aitwaye komba wa Rondo, ambaye hapatikani ila katika misitu michache ya nchi hii. Nguruwe mwitu si adimu, kwa hiyo hasifiwi; bali ndiye mwenyeji wa msitu ambaye jirani zake humjua zaidi kuliko wageni.

Kwanza yafaa tumtambue mnyama mwenyewe, maana katika maneno ya kila siku huchanganywa na ngiri. Ngiri ni mnyama wa mbuga. Hutembea mchana, hula majani huku amepiga magoti ya mbele, hulala shimoni, na akikimbia husimamisha mkia kama mlingoti. Nguruwe mwitu ni mnyama wa kichaka na msitu. Hutembea usiku zaidi, hasa mahali anapowindwa. Mchana hulala ndani ya kichaka kilichosongamana. Na akikimbia mkia wake huning'inia. Rangi yake ni ya kahawia iliyo nyekundu au nyeusi, uso wake una weupe, na mgongoni ana singa ndefu zinazosimama akighadhibika. Chonge zake ni fupi kuliko za ngiri, lakini ni kali, na mbwa wa kusaka asiye mwangalifu huweza kupasuliwa nazo.

Katika elimu ya viumbe aitwa Potamochoerus larvatus, na jina hilo la pili alipewa na Mfaransa Frédéric Cuvier mwaka 1822. Neno la kwanza latoka katika Kiyunani, maana yake nguruwe wa mtoni. La pili ni la Kilatini, maana yake aliyevaa kinyago, na bila shaka ni kwa ajili ya huo uso wake. Huonekana toka Ethiopia hata Afrika Kusini, tena yuko Bukini na Komoro, ambako inadhaniwa kwamba alipelekwa na watu kwa vyombo. Ndugu yake mwekundu wa misitu ya Kongo na Afrika Magharibi ni aina nyingine, ijapokuwa zamani wataalamu waliwahesabu wote wawili kuwa aina moja.

Nguruwe hawa huishi kwa makundi madogo, aghalabu ya wanyama 4 hata 10, yakiongozwa na dume mmoja na jike mkubwa. Jike huchukua mimba kwa muda wa miezi minne, akajenga kitanda cha majani, akazaa watoto 3 au 4, pengine zaidi. Watoto huzaliwa na milia ya rangi hafifu, nayo hupotea wakikua. Dume naye huwalinda wanawe, jambo ambalo si la kawaida katika jamaa ya nguruwe. Chakula chao ni karibu kila kitu: mizizi, viazi vya mwitu, matunda yaliyoanguka, uyoga, minyoo, mayai, hata mizoga. Pua ya nguruwe ni jembe lake. Kwa pua hiyo huupindua udongo wa msitu, majani makavu yakachanganyika na ardhi, na katika ardhi iliyopinduliwa mbegu hupata mahali pa kuota. Kwa msitu, basi, kazi yake si hasara tupu.

Lakini pua hiyo hiyo haijui mpaka kati ya kiazi cha mwitu na muhogo uliopandwa. Kundi moja likiingia shambani usiku laweza kuharibu zaidi ya linavyokula, kwa kuwa mti wa muhogo hung'olewa, kipande kikatafunwa, kisha ukaendewa mwingine. Mahindi huangushwa bua zima kwa ajili ya gunzi moja. Karanga na viazi vitamu hufukuliwa. Wahenga walisema mkulima ni mmoja, walaji ni wengi. Na miongoni mwa walaji hao nguruwe ndiye asiyengoja mavuno.

Mkulima wa kale alimkabili mnyama huyu kwa njia kadha wa kadha, wala hakutegemea njia moja peke yake. Kwanza kulikuwa na kufyeka. Kichaka kikisogea karibu na shamba ni mlango wa nguruwe, na kwa hiyo watu walilima mashamba yao pamoja, wakakata na kuchoma vichaka vya kando. Pili kulikuwa na maboma ya miti na marima, yaani mashimo ya kutegea. Tatu kulikuwa na msako wa nyavu. Nyavu zilizosukwa kwa kamba imara zilitandwa upande mmoja wa kichaka, na upande wa pili wakaingia watu na mbwa kwa kelele. Nguruwe aliyetoka mbio alinaswa, akachomwa mikuki. Kazi hii haifanywi na mtu mmoja wala na nyumba moja. Yataka wanaume wengi wa kijiji kukusanyika kwa siku moja, na yataka wawe wapo kijijini. Mwisho kulikuwa na kuamia, ndiko kukesha shambani juu ya dungu kwa kupiga makopo na kuwasha moto, tangu mazao yanapoanza kukomaa hata yatiwe ghalani. Kazi ya kuamia iligawanywa kati ya wanaume, wanawake na watoto, kila mmoja kwa zamu na kwa nguvu zake.

Yafaa msomaji atambue jambo jingine. Mwishoni mwa karne ya 19 Wazaramo wengi walikuwa wamekwisha ingia, au walikuwa wakiingia, katika dini ya Kiislamu, na nyama ya nguruwe ni haramu kwa Mwislamu. Kwao msako wa nguruwe haukuwa wa kutafuta kitoweo. Ulikuwa sehemu ya kilimo, kama palizi ilivyo sehemu ya kilimo. Mtawala aliyeutazama uwindaji wote wa wenyeji kwa jicho moja hakuweza kuiona tofauti hii.

Na mtawala wa namna hiyo alikuja. Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann wa serikali ya Wadachi, yaani Wajerumani, alitoa sheria ya wanyama wa porini. Sheria hiyo pamoja na nyingine zilizoifuata zilidai vibali vya kuwinda, zikabana uwindaji wa pamoja wa wenyeji kwa nyavu na kwa moto. Silaha na baruti nazo ziliwekwa chini ya ulinzi wa serikali. Nguruwe mwenyewe hakuwa kipenzi cha sheria hizi, kwa sababu mwindaji wa Kizungu hakumhesabu kuwa mnyama wa fahari. Lakini mkulima aliyekatazwa wavu hakupata faida yo yote katika ruhusa ya kumwua nguruwe kwa bunduki asiyokuwa nayo.

Baada ya kubanwa zana, mikono nayo ikachukuliwa. Mwaka 1898 kodi ya nyumba ilianza kutozwa, nayo huko mashambani ilikuwa rupia 3 kwa nyumba. Kijana asiye na rupia hakuwa na budi kuzitafuta mjini, au katika mashamba ya wazungu, au kuilipa kodi kwa kazi. Mwaka 1902, katika utawala wa Gavana Gustav Adolf von Götzen, yalianzishwa mashamba ya pamba ya jumuiya katika wilaya ya Dar es Salaam. Mashamba hayo yaliwekwa chini ya majumbe, na watu wazima walitakiwa kufanya kazi humo siku 28 kwa mwaka. Siku 28 zaweza kuonekana chache kwa msomaji wa leo, lakini siku za mkulima hazilingani. Pamba ilidai watu pale pale ambapo nafaka ilikuwa ikiwadai, na siku moja iliyokosekana wakati wa kupalilia au wakati wa kuamia hailipwi na siku kumi za kiangazi. Mwaka 1904 ikatoka sheria ya kuhifadhi misitu, iliyoanza kuwawekea wenyeji mipaka katika misitu waliyoizoea. Mwezi wa Februari 1905 ikaanza kazi ya kujenga reli toka Dar es Salaam kwenda Morogoro, ikipita katikati ya Uzaramo. Nayo ilitaka watu kwa maelfu.

Sheria hizi hazikumzidishia nguruwe hata mtoto mmoja, zilimwondolea adui. Kichaka kisichofyekwa kilisogea. Nyavu zikakaa kimya. Waliobaki kijijini walikuwa wazee, wanawake na watoto, na mwanamke aliyelima mchana kutwa ndiye aliyetakiwa kukesha usiku. Ambaye hakukesha alikuta asubuhi shamba limepinduliwa. Njaa iliyoonekana Uzaramo katika miaka hiyo ilikuwa na sababu zaidi ya moja, miongoni mwake ukosefu wa mvua. Lakini mvua ikinyesha na shamba likakosa mlinzi, mavuno ni ya nguruwe.

Vita vya Maji Maji vilianza Umatumbi mwezi wa Julai 1905, na kabla ya mwaka kwisha vilikuwa vimeenea kusini yote na kuingia Uzaramo. Wanafunzi wengi wa historia wanajua kwamba maji ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe yalisemwa kuwa yatazigeuza risasi kuwa maji. Wachache wanajua kwamba kabla ya kuwa dawa ya vita, maji hayo yalitafutwa kuwa dawa ya shamba. Afisa wa jeshi la Wadachi, Moritz Merker, akiandika mwaka 1906, alieleza kuwa watu waliambiwa dawa hiyo ingewaondolea taabu za kilimo, ingewakinga na njaa na ugonjwa, na zaidi ya yote ingeyalinda mashamba na uharibifu wa nguruwe mwitu. Waliambiwa pia kwamba mavuno yakiwa mema hawangelazimika tena kuwafanyia wageni kazi ya mshahara. Ukiyatazama maneno hayo kwa makini utaona kwamba yamefunga pamoja mambo yale yale tuliyoyataja: nguruwe, njaa, na kazi ya kuwafanyia wengine. Aliyeyanena maneno hayo aliijua taabu ya watu wake kwa mpangilio wake.

Wazaramo hawakuwa wageni wa dawa za namna hii. Tangu zamani walikuwa wakienda kuomba mvua na mavuno kwa Kolelo, katika pango lililoko milima ya Uluguru, na mwaka 1905 jina la Kolelo lilitajwa pia katika habari za kuukataa utawala wa Wadachi. Mwaka 1997 mwanahistoria wa Kimarekani, Thaddeus Sunseri, alichapisha uchunguzi wake juu ya njaa na nguruwe mwitu katika Uzaramo, akaonyesha kwamba mwanzo wa vita katika nchi hii hauwezi kufahamika vema pasipo kuiangalia nyumba ya mkulima, na hasa mzigo ulioongezeka juu ya mwanamke wakati mume hakuweza tena kulilinda shamba. Wazee wa zamani waliosimulia Maji Maji walitaja pamba, kodi, viboko na ukali wa maakida, na ushahidi wao ni wa kweli. Nguruwe hauondoi ushahidi huo. Yeye atuonyesha mahali ambapo mambo hayo yote yalimwumiza mtu kwa pamoja, yaani katika chungu cha chakula.

Vita vilizimwa kwa moto. Mashamba na maghala yalichomwa makusudi ili njaa imalize kazi ya bunduki. Wadachi wenyewe walikubali vifo 75,000. Mwanahistoria wa Kitanzania G. C. K. Gwassa alikisia kati ya 250,000 na 300,000. Miongoni mwa viongozi wa Uzaramo waliouawa ni Jumbe Kibasila wa Kisangire, ambaye jina lake limepewa shule ya sekondari jijini Dar es Salaam. Nchi iliyopungukiwa na watu ni nchi iliyozidiwa na kichaka. Mwaka 1977 Helge Kjekshus aliandika kitabu chenye hoja kwamba watu wa Afrika Mashariki, kabla ya kutawaliwa, walikuwa wameyatawala mazingira yao kwa jasho na maarifa, na kwamba maangamizi ya miaka ile ndiyo yaliyowanyang'anya utawala huo. Wengine wameona kwamba aliisifu mno hali ya kale. Lakini kwa habari ya nguruwe hoja yake yasimama vizuri: msitu uliojaa wanyama haukuwa lazima msitu wa asili, pengine ulikuwa shamba la marehemu.

Mtu aweza kusema kwamba hayo yalikuwa makosa ya wakoloni na yamekwisha. Tuitazame basi miaka iliyofuata Uhuru. Kati ya 1973 na 1976, katika Operesheni Vijiji, watu wengi walihamishwa toka makazi yaliyotawanyika wakakusanywa vijijini, ili wapate shule, maji na zahanati. Mahali pengi pa pwani mikorosho na mashamba ya zamani yalibaki mbali, vikaota vichaka; na shamba lililo mbali na nyumba haliwezi kuamiwa bila mtu kulala huko. Kuanzia 1977 elimu ya msingi kwa wote ilianza kutekelezwa, baada ya Azimio la Musoma la 1974. Hapana anayeijutia heri hiyo. Lakini mtoto aliyekwenda shuleni alishuka katika dungu, na zamu yake ikamwangukia mama yake. Mambo mema nayo hutoa mikono shambani, na nguruwe hatofautishi kati ya mkono uliochukuliwa kwa kiboko na ule uliochukuliwa kwa kalamu.

Malipo ya ulinzi huo yameonekana kwa namna ya kutisha. Mwaka 2005 mtaalamu wa simba Craig Packer na wenziwe walichapisha hesabu ya watu waliouawa na simba Tanzania tangu 1990: walikuwa zaidi ya 563, wengi wao wa wilaya za kusini mashariki, Rufiji ikiwamo, ambayo ni jirani ya Kisarawe. Walipotafuta sababu, waligundua kwamba mashambulio yalikuwa mengi mahali penye nguruwe mwitu wengi, na wakati wa mavuno. Simba hufuata nguruwe. Nguruwe hufuata mazao. Na mwenye mazao amelala katika kibanda cha majani ili amfukuze nguruwe. Aliyekwenda kuliokoa shamba akakutana na mwindaji wa mwizi wake.

Siku hizi misitu ya Pugu na Kazimzumbwi imeunganishwa kuwa hifadhi moja ya mazingira asilia, yenye hekta zaidi ya 7,000. Jiji la Dar es Salaam, lililohesabiwa watu zaidi ya milioni 5 mwaka 2022, lausukuma msitu kwa nyumba zake na kuutafuna kwa mkaa. Mwenyeji wa msitu aliyebanwa namna hii hutoka usiku. Chui, aliyekuwa akimpunguza, amekuwa adimu karibu na makazi ya watu. Pamoja na hayo limezuka jambo jipya: kama ilivyo kando ya miji mingi, wako watu wafugao nguruwe wa nyumbani. Homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo daktari wa mifugo Montgomery aliieleza kitaalamu nchini Kenya mwaka 1921, huwaua nguruwe wa nyumbani karibu wote ikiingia zizini. Nguruwe mwitu huweza kuichukua pasipo kuugua. Ngiri nao huichukua, ikienezwa na papasi waishio katika mashimo yao. Mfugaji aliye karibu na msitu hana budi kujenga boma imara kama alivyojenga babu yake, ijapokuwa sasa anachokilinda ni nguruwe mwenyewe.

Hapana haja ya kudai kwamba nguruwe mwitu aangamizwe. Yeye ni sehemu ya msitu, na msitu wa Pugu usio na mnyama wa kuupindua udongo wake utakuwa msitu pungufu. Wala haifai kudai kwamba hifadhi ifutwe, maana kilichobaki ni kidogo. Tunalolidai kwa historia hii ni hesabu iliyo kamili. Serikali ya Wadachi ilipoandika sheria ilihesabu tembo, pamba, rupia na magogo. Usiku wa mkulima haikuuhesabu. Na sisi tunapochora mpaka wa hifadhi, au tunapopima faida ya msitu kwa maji na hewa ya jiji, yatupasa kuandika pia ni nani anayekesha upande wa pili wa mpaka huo, kwa usiku mangapi, na kwa ujira gani. Katika vijiji vingi vya Kisarawe na Kibaha jibu la swali la kwanza ni mwanamke, na jibu la swali la mwisho ni kile ambacho nguruwe amekisaza.